Tan Dun au Jay Chou? Mahali pa kuanzia na muziki wa China wa leo

Ukitafuta "muziki wa China" YouTube, kinachotangulia ni video za saa tatu zenye mlima, ukungu na guzheng, ala ya nyuzi za kudonoa, ya kubembeleza usingizi. Nyingi zimetengenezwa kwa kinanda cha kompyuta, na hazikuambii lolote kuhusu kile ambacho Wachina wa leo wanatunga na kuimba. Muziki wenyewe uko pande mbili. Upande mmoja kuna watunzi wa majaribio, wanaoandikia okestra lakini pia maji, karatasi, mawe na matoazi. Upande wa pili kuna pop na roki kutoka Taiwan, Hong Kong na China bara, nyimbo ambazo watu wanazijua kwa moyo na kuziimba kwenye vyumba vya karaoke. Wasikilizaji wengi hushika upande mmoja na kuupuuza wa pili. Hapo wanajipunja, maana pande zote mbili zinakula chungu kimoja, na ukiujua upande mmoja vizuri, wa pili unafunguka kwa urahisi zaidi.

Noti moja, na jinsi ya kuisikia

Guqin, ala ya kale ya kudonoa, ina nyuzi 7 na haina vile vipande vya chuma vilivyopangwa kwenye shingo ya gita. Mkono wa kulia ukishadonoa uzi, kazi inahamia mkono wa kushoto: unateleza juu ya uzi, unautikisa, unarudi nyuma, mpaka sauti inaisha na kubaki mkwaruzo wa kidole tu. Mkwaruzo huo nao ni sehemu ya muziki. Erhu ina nyuzi 2, kwa kawaida D na A, na manyoya ya upinde yamepita katikati ya nyuzi hizo. Haina ubao wa kukandamizia. Kidole kinabonyeza uzi hewani, kwa hiyo kila noti inaweza kupindwa. Guzheng ya kisasa ina nyuzi 21: mkono wa kulia unadonoa upande mmoja wa daraja, wa kushoto unabonyeza upande wa pili ili noti ipande au itetemeke baada ya kudonolewa.

Hapo ndipo pa kuzipimia zile video za usingizi. Sikiliza noti ndefu tano au sita. Kama kila moja inaanza na kufa kwa namna ile ile bila kupinda hata kidogo, hiyo ni sauti ya kompyuta, achana nayo.

Kipimo hicho hicho ndicho tunachokitumia kulinganisha wanamuziki walio hapa chini. Noti ikishatoka, wanaifanyia nini? Aliyezoea kusikiliza mpangilio wa kodi za gita au piano atatafuta utamu mahali usipokuwepo, kisha atasema muziki huu "hauna kitu". Kitu kipo, ila kimewekwa ndani ya noti yenyewe.

Watunzi watatu wa darasa moja

Baada ya Mapinduzi ya Utamaduni, Konsevatori Kuu ya Muziki ya Beijing ilifungua milango upya, na darasa la mwaka 1978 likawakusanya Tan Dun, Guo Wenjing, Chen Qigang, Chen Yi na Zhou Long. Baadaye wakatawanyika. Tan Dun, Chen Yi na Zhou Long walikwenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia, alikokuwa mtunzi na mwalimu Chou Wen-chung. Chen Qigang alikwenda Ufaransa mwaka 1984 akasoma kwa mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen. Guo Wenjing alibaki China na kufundisha konsevatori ile ile. Njia hizo tatu zinasikika kwenye kazi zao, na ndiyo sababu kuwalinganisha Tan Dun, Guo na Chen Qigang kunalipa.

Tan Dun ndiye mwepesi kuingilika, kwa kuwa muziki wake unaonekana kwa macho. "Ghost Opera" ya mwaka 1994 ni ya fidla mbili, viola, sello na pipa (ala ya Kichina ya nyuzi inayofanana na gambusi), pamoja na maji, mawe, chuma na karatasi. Wapigaji wanahama jukwaani, wanachezea maji kwenye mabakuli, wanatoa sauti kwa vinywa. Kipande cha Bach kinakutana na wimbo wa kienyeji wa China kuhusu mtoto aliyefiwa na mama. Ukiisikiliza bila kuiona umepoteza karibu nusu, kwa hiyo tafuta video.

Kwenye "Water Concerto" ya mwaka 1998, mpiga ngoma mmoja na wasaidizi wawili wanasimama mbele ya okestra wakiwa na mabeseni ya maji yanayopitisha mwanga. Wanayapiga maji kwa viganja, wanapiga mabakuli yaliyoelea kifudifudi, na wanafanya jambo moja linalostahili kusikilizwa mara kadhaa: upatu unagongwa, kisha unazamishwa taratibu. Noti inateremka hapo hapo ikiwa bado inalia, kwa sababu maji yanayoushika upatu yanauongezea uzito na unatetemeka polepole zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya mkono wa kushoto wa guqin, sasa inafanywa na maji.

Udhaifu wa Tan Dun ni kupenda tamasha. Okestra ikibaki peke yake, mara nyingi inageuka kuwa muziki wa sinema, na si ajabu, maana ndiye aliyepata Oscar mwaka 2001 kwa muziki wa "Crouching Tiger, Hidden Dragon". Muziki wa filamu hiyo, wenye sello ya Yo-Yo Ma, ni mtamu, lakini ukiutumia kama kipimo cha kazi zake nyingine utadanganyika.

Guo Wenjing ni mgumu zaidi na, kwa maoni yetu, ndiye anayedumu zaidi sikioni. "Xi", ya mwaka 1995, ni ya watu watatu, kila mmoja na jozi ya matoazi ya opera ya Beijing. Hakuna melodia kabisa. Wanayagonga kwa ukingo, wanayasugua, wanayafunika ghafla ili yakatike, na wanaongezea sauti zao wenyewe. Dakika za kwanza zinachosha kwa sababu sikio linasubiri wimbo uanze. Ushauri ni huu: chagua toazi moja tu na ulifuatilie. Baada ya muda utatofautisha mlio wa kitovu na mlio wa ukingo, na kazi nzima itageuka kuwa mazungumzo ya watu watatu.

Kwa anayetaka melodia, Guo huyo huyo aliandika "Chou kong shan" mwaka 1992, konsato ya filimbi ya mwanzi na okestra. Filimbi hiyo, dizi, ina tundu moja la ziada lililobandikwa utando mwembamba, na utando ukitetemeka unaitia sauti mvumo mkali. Wanaoisikia kwa mara ya kwanza hudhani rekodi imeharibika au spika imepasuka. Haijapasuka.

Chen Qigang ni laini kuliko wote wawili. Rangi za okestra ya Kifaransa zimemwingia vizuri, na hagombani na msikilizaji. "Wu xing" ina vipande vitano vya takriban dakika mbili kila kimoja: maji, mti, moto, udongo na chuma. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiye na uvumilivu, kwa sababu usipokipenda kimoja, kingine kinakuja punde. Ukishaizoea, nenda "Iris dévoilée" ya mwaka 2001, yenye pipa, guzheng na erhu mbele ya okestra, na waimbaji watatu wa kike, mmoja wao wa opera ya Beijing. Sauti yake nyembamba na kali ikipanda juu ya zile za opera ya Ulaya, utasikia namna mbili za kushika noti zikisimama bega kwa bega. Chen ndiye pia aliyeongoza muziki wa ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, kazi isiyofaa kumpimia.

Kosa linaloharibu usikilizaji wa watunzi hawa wote ni la kifaa, si la sikio. Kazi zao zinatoka kwenye mnong'ono hadi kishindo. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito, wala haitoi mchakacho wa karatasi au tone la maji ukiwa sebuleni na feni inazunguka. Msikilizaji anaongeza sauti kwenye sehemu tulivu, kishindo kinamrusha, anazima. Tumia spika za masikioni, ingia kwenye mipangilio ya programu yako na uzime kipengele cha kusawazisha sauti, kisha panga kiwango kwa kutumia sehemu yenye kelele zaidi na usikiguse tena.

| Kazi | Muda | Simu peke yake? | Inamfaa |
|---|---|---|---|
| "Wu xing", Chen Qigang | takriban dakika 10 | hapana | anayependa rangi za okestra |
| "Water Concerto", Tan Dun | karibu nusu saa | hapana, na tafuta video | anayependa kuona sauti ikitengenezwa |
| "Xi", Guo Wenjing | keti nayo mpaka mwisho | hapana kabisa | mpenzi wa ngoma |
| "Dong feng po", Jay Chou | takriban dakika 5 | ndiyo | aliyelelewa na pop |

Wimbo mmoja, waimbaji wawili

Kwenye pop, ulinganisho bora ni ule unaokupa wimbo ule ule kwa sauti mbili. Teresa Teng wa Taiwan (1953–1995) alirekodi mwaka 1983 "Dan yuan ren chang jiu", ambao maneno yake ni shairi la Su Shi la mwaka 1076. Mwaka 1995 Faye Wong, mzaliwa wa Beijing aliyepata jina Hong Kong, alitoa albamu nzima ya nyimbo za Teng, na wimbo huo umo.

Sikiliza miisho ya mistari. Teng anaimalizia noti kwa mtetemo mdogo na pumzi inayosikika, kana kwamba maikrofoni iko shavuni. Kwa sikio la leo ni jambo la kawaida, lakini China bara ilikuwa imezoea sauti za juu za nyimbo za mapinduzi, na kanda zake zilipopenya miaka ya mwanzo baada ya mageuzi ya kiuchumi, wakuu waliuita muziki wa aina hiyo uchafu. Watu waliurudufu na kuusikiliza nyumbani. Wong anaondoa sehemu kubwa ya mtetemo. Noti inakaa nyeupe na nyembamba, kisha inavunjika kidogo kwenye koo inapobadilisha mahali. Anayependa kubembelezwa atabaki kwa Teng. Asiyependa sukari nyingi aende kwa Wong, kisha amfuate kwenye "Fuzao" ya mwaka 1996, albamu aliyoitengeneza akiwa na uhuru zaidi na yenye nyimbo mbili kutoka kwa kundi la Cocteau Twins la Scotland. Kwetu hiyo ndiyo albamu bora ya pop ya Kichina kwa mtu mwenye mguu mmoja upande wa majaribio.

Kikantoni au Kimandarini

Hapa kuna tofauti ambayo mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuikisia, kwa kuwa Kiswahili hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Kimandarini, Kichina cha China bara na Taiwan, kina toni 4; Kikantoni, cha Hong Kong, kina 6. Waimbaji wa Kimandarini kwa kawaida wanaziacha toni na kufuata melodia. Msikilizaji anaelewa kwa muktadha. Kwa Kikantoni haiwezekani: neno likiwekwa kwenye noti isiyolingana nalo, linasikika kama neno jingine. Kwa hiyo Hong Kong melodia hutungwa kwanza, halafu mwandishi wa maneno anatafuta maneno ambayo toni zake zinapanda na kushuka pamoja nayo. Ndiyo maana wimbo wa Kikantoni unakaribia mazungumzo, na wa Kimandarini una nafasi zaidi ya kuivuta noti na kuichezea.

Mfano mzuri wa Hong Kong ni kundi la Beyond. Mwaka 1990 walitoa "Guanghui suiyue", wimbo kwa ajili ya Nelson Mandela. Mwaka uliofuata walitembelea Kenya, wakarudi na kutunga "Amani", ambao beti zake ni za Kikantoni na kiitikio ni cha Kiswahili. Usikilize kwa sababu ya kiufundi pia: kwenye beti melodia imefungwa na toni, na kwenye kiitikio mtunzi yuko huru, kwa kuwa "nakupenda" inabaki "nakupenda" hata ukiiimba juu au chini. Matamshi yao ya Kiswahili yanaeleweka vizuri. Mwimbaji na mtunzi wao mkuu, Wong Ka Kui, alifariki mwaka 1993 baada ya kuanguka jukwaani wakati wa kurekodi kipindi cha televisheni Tokyo.

Kwa Kimandarini, jina lisilokwepeka ni Jay Chou wa Taipei, aliyetoa albamu ya kwanza mwaka 2000. Anameza maneno. Hata Wachina walilalamika kwamba hawamwelewi bila kusoma mashairi, kwa hiyo usijilaumu. Mashairi ya nyimbo zake nyingi ni ya Fang Wenshan, aliyejaza taswira za ushairi wa kale ndani ya miziki ya R&B. Anza na "Dong feng po" (2003), yenye pipa na erhu, kisha "Qing hua ci" (2007), kisha "Shuang jie gun" (2001) ili uone upande wake wa kufokafoka. Udhaifu wa mtindo huu, hasa kwa waliomwiga, ni kwamba ala za kale zinakuwa pambo. Erhu inaingia, inalia kidogo, inatoka, na wimbo ungesimama vizuri tu bila hiyo. Kwa Chou mwenyewe noti inayopindwa iko kooni, si kwenye erhu. Sikiliza anavyoteleza mwishoni mwa maneno.

Roki, daraja kati ya pande mbili

Cui Jian alikuwa mpiga tarumbeta wa okestra Beijing. Mei 1986, kwenye tamasha la Mwaka wa Kimataifa wa Amani, aliimba "Yi wu suo you" kwa sauti ya kukwaruza, na roki ya China ikapata mwanzo wake. Ndani yake kuna suona, ala ya kupuliza yenye mwanzi wa midomo miwili na mdomo wa chuma uliopanuka kama kengele. Aliyewahi kusikia nzumari kwenye ngoma za pwani ataitambua mara moja, kwani ala hizi mbili ni za ukoo mmoja, uliosambaa kutoka Uajemi kwenda mashariki hadi China na kusini hadi Lamu na Mombasa.

Tukio la kutazama ni la Hung Hom, Hong Kong, 17 Desemba 1994, ambapo Dou Wei, Zhang Chu, He Yong na kundi la Tang Dynasty walipanda jukwaa moja. He Yong alipofika kwenye wimbo wake wa minara ya kengele na ngoma ya Beijing, aliyekaa na sanxian ya nyuzi 3 alikuwa baba yake mzazi, na Dou Wei akapuliza filimbi. Hapa ala ya kale si pambo: ukiondoa sanxian, wimbo haupo.

Kwa miaka ya karibuni, Wanneng Qingnian Lüdian wa Shijiazhuang wanatosha. Albamu yao ya pili, ya Desemba 2020, imeunganishwa toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo zima uchezaji wa kuchanganya la sivyo utasikia vipande vilivyokatwa kwa kisu. Hanggai wa Beijing wanachanganya roki na uimbaji wa koo wa Kimongolia. Mtu mmoja anatoa noti mbili kwa wakati mmoja. Mashabiki wa kufokafoka waanze na Higher Brothers wa Chengdu, wanaofoka kwa lahaja ya Sichuan. Na anayetaka kelele tulivu atafute kisanduku cha plastiki cha kundi la FM3 kilichotoka mwaka 2005: kina sauti 9 zinazojirudia, swichi, na basi.

Kuchagua, na kutafuta bila kupotea

Ukitaka wimbo wa kuimba wiki hii, chukua Teng na Beyond. Ukiwa mtu wa violini na qanuni za taarabu, nenda moja kwa moja kwa Chen Qigang, kwa sababu sikio lako tayari linajua kusubiri noti igeuke. Mpenzi wa ngoma asipoteze muda na pop, aanze na matoazi ya Guo. Asiyejua anapenda nini aanze katikati, na Cui Jian na "Fuzao", kisha aone anavutwa upande gani. Kuanzia "Ghost Opera" huku unapika ni njia ya uhakika ya kuuchukia muziki huu.

Majina yanasumbua. Jina la ukoo hutangulia, lakini baadhi ya programu huligeuza, na msanii mmoja anaweza kuwa na majina mawili au matatu: Jay Chou ni Zhou Jielun, Faye Wong ni Wang Fei, Teresa Teng ni Deng Lijun. Nakili herufi za Kichina na kuzibandika: 谭盾 kwa Tan Dun, 郭文景 kwa Guo Wenjing, 陈其钢 kwa Chen Qigang, 崔健 kwa Cui Jian, 何勇 kwa He Yong, 王菲 kwa Faye Wong, 万能青年旅店 kwa kundi la Shijiazhuang. Kwa wasanii wa Taiwan na Hong Kong jaribu pia herufi za zamani: 周杰倫 huleta matokeo ambayo 周杰伦 haileti. Programu za China kama QQ Music zinafungia nyimbo nyingi kwa walio nje ya nchi, kwa hiyo anzia Spotify au YouTube.

Angalia pia maneno matatu kwenye kichwa cha rekodi. 现场 ni ya jukwaani. 翻唱 ni ya mtu mwingine anayeurudia wimbo. 伴奏 ni muziki mtupu wa karaoke: sauti ya mwimbaji imeondolewa, na hakuna cha kusubiri hata ukiusikiliza hadi mwisho.